Mboga uani, nyanya sokoni: mwongozo wa kulisha nyumba ya Dar bila kujichosha

Mtu akiamua kulima mboga nyumbani, mara nyingi huanza na nyanya. Hata mimi nilianza hivyo. Uani kwangu Kitunda nilipanda miche ishirini na nne, nikaisimikia vijiti, nikaanza kupiga hesabu za matenga kabla hata maua hayajatoka. Nilichovuna hakikujaza sado. Wakati huohuo, pembeni ya bomba lililokuwa likivuja, matembele yaliyojiotea yenyewe yalitulisha mwezi mzima, na hakuna aliyeyapalilia.

Nilichelewa kuelewa jambo ambalo kila mwenye genge analijua. Nyanya ya Ilula inavumilia lori kutoka Iringa hadi Dar. Kitunguu cha Mang'ola kinakaa jikoni wiki kadhaa. Kabichi na karoti za Lushoto zinafika zikiwa na nguvu zao. Mchicha hauna uvumilivu huo: ukikatwa alfajiri, ifikapo saa nane mchana umeshalala. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mboga za majani tunazokula Dar zinalimwa ndani ya jiji lenyewe na pembezoni mwake, huko Bonde la Msimbazi, Kinyerezi, Bunju, Kigamboni na kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili. Uani tunapanda kinachonyauka njiani. Kinachosafiri tunakinunua, ila tunakinunua kwa akili, ili pesa imfikie aliyeshika jembe.

Kwanza, kaa uani siku nzima

Usinunue mbegu bado. Chagua siku ya mapumziko, toka nje saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, uone kivuli cha nyumba, cha ukuta na cha mwembe wa jirani kinaangukia wapi. Sehemu inayopata jua kwa saa sita au zaidi ndiyo shamba lako. Mchicha unapenda jua kali na joto. Ukiuweka kivulini unarefuka na kuwa mwembamba kama uzi, na majani yake ni machache.

Halafu angalia chini. Usilime juu ya karo la choo wala mahali maji machafu yanapojitokeza. Kama hapo zamani palikuwa gereji, au palichomwa taka, au palivunjwa betri za magari, usipande kwenye udongo huo kabisa. Tumia viroba na udongo wa kuleta. Maji ya mifereji ya barabarani na ya mto unaopokea majitaka ya viwanda hayafai kwa mboga ya majani, hata ukiiosha mara tatu. Vijidudu vinakufa kwenye sufuria, madini mazito hayafi.

Jambo la tatu ni kuku. Wadudu wote nitakaowataja huko mbele hawamfikii kuku wa jirani kwa hasara. Mbegu ya mchicha iliyosiwa jana ni karamu kwake. Weka uzio wa makuti, miti au wavu wa plastiki kabla ya kulima, kisha zungumza na jirani kwa upole, maana mbolea ya kuku hao utaihitaji.

Udongo wa Dar ni mchanga, usipigane nao

Sehemu nyingi za Dar zina udongo wa kichanga. Unalimika kirahisi na haujai maji, lakini haushiki chochote: maji yanapita, mbolea inapita. Dawa yake ni samadi na mboji, kila msimu, bila kuchoka. Kuna wanaoagiza kirikuu cha udongo mwekundu. Si vibaya kama uani kwako kumejaa kifusi, ila udongo mwekundu bila samadi ukikauka unakuwa tofali.

Kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, weka ndoo mbili hadi tatu za lita 20 za samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza. Ya kuku ni kali, nusu ya kiasi hicho inatosha, tena iwe imekaa angalau miezi miwili ikinyeshewa na kukauka. Namna ya kuijua samadi iliyoiva ni rahisi. Chukua konzi, uinuse. Ikikupanda puani, bado. Ikinukia kama ardhi baada ya mvua, tayari. Changanya na udongo hadi kina cha jembe, mwagilia, acha wiki moja ndipo upande.

Mboji utengeneze mwenyewe, kwa sababu jikoni kwako inatupwa kila siku: maganda ya ndizi, ya viazi na ya maembe, majani ya chai, vikonyo vya mchicha. Chimba shimo la mita moja kwa mita moja au jenga boma la matofali bila saruji. Tandika majani makavu unene wa kiganja, juu yake takataka mbichi za jikoni, juu yake samadi kidogo, kisha rudia. Nyunyiza maji mpaka iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Igeuze kila baada ya wiki mbili. Kwa joto letu, miezi miwili hadi mitatu inatosha. Nyama, mifupa na mafuta visiingie humo, vinaita panya.

Kuhusu umbo la tuta: wakati wa masika, Machi hadi Mei, liinue juu ya njia kwa sentimita 15 hadi 20 ili maji yapite pembeni. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, fanya kinyume. Lishushe kidogo na uliwekee kingo, kila tone libaki humo. Wengi huweka matuta yaleyale mwaka mzima, kisha wanashangaa kwa nini Januari wanamwagilia njia badala ya mboga.

Mchicha: matuta matatu, siku kumi kumi

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu mchicha ukiuweza, nusu ya kazi umeimaliza.

Usisie matuta yote siku moja. Mchicha uko tayari kati ya wiki tatu na nne; ukisia yote kwa pamoja utakula mchicha hadi watoto wagome, kisha ukae mwezi mzima bila kitu. Sia tuta la kwanza leo, la pili baada ya siku kumi, la tatu baada ya siku kumi nyingine. La tatu likishasiwa, la kwanza linakaribia kuvunwa. Ukilimaliza, unaweka samadi na kulisia upya. Matuta matatu ya mita 1 kwa 3 yakitunzwa hivyo yanaitosha familia ya watu watano kwa mlo mmoja wa mchicha mara tatu nne kwa wiki, bila kupungukiwa.

Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko punje za ulezi. Chukua kijiko kimoja cha chai kwa kila tuta, uchanganye na vikombe viwili vya mchanga mkavu, ndipo usie. Mchanga unakusaidia kuona umepita wapi na unazuia mbegu zisirundikane. Chora mistari kwa kidole, sentimita 15 hadi 20 kati ya mstari na mstari, mwaga mchanganyiko, funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Mbegu ikizama zaidi ya hapo haitoki. Tandaza nyasi kavu au kuti moja juu yake na umwagilie taratibu kwa keni yenye matundu madogo. Zungushia majivu pembeni mwa tuta, maana sisimizi huzibeba mbegu hizi moja moja mpaka shimoni kwao, na wewe utamlaumu muuza mbegu.

Siku ya tatu hadi ya tano utaona wekundu au ukijani mdogo. Ondoa nyasi siku hiyohiyo, tena jioni, ili miche isishtuliwe na jua la mchana. Ukichelewa, inalegea na kuanguka.

Siku ya kumi hadi ya kumi na nne, punguza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kwa huruma. Ng'oa iliyobanana, uache nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya mche na mche. Uliyong'oa usitupe, ni mchicha laini kuliko wote, ukichemka kwenye tui la nazi dakika mbili umeiva.

Kuvuna kuna njia mbili. Wakulima wa biashara hung'oa na mizizi yake, kwa sababu mchicha wenye mizizi unakaa fungu zuri hadi jioni na tuta linabaki wazi kwa mbegu mpya. Nyumbani unaweza kukata, ukiacha kisiki chenye vifundo kadhaa, urefu wa kiganja. Utachipua pembeni na utavuna tena mara mbili hadi tatu kabla haujaanza kutoa maua. Mimi natumia njia zote mbili: tuta moja la kukata, mawili ya kung'oa.

Urea? Wengi hunyunyiza. Mchicha unanenepa ndani ya siku chache na rangi yake inakolea. Kwangu mimi, tuta lenye samadi ya kutosha halihitaji urea, na mchicha uliolazimishwa kunenepa unageuka maji kwenye sufuria.

Mbegu ununue kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Zipo aina zilizoboreshwa kwa ajili ya mazingira yetu. Mchicha wa Madiira 1 na Madiira 2 uliidhinishwa nchini mwaka 2011, pamoja na mnafu wa Nduruma na Olevolosi na nyanya chungu aina ya Tengeru White, zote zikiwa zimetokana na kazi ya watafiti wa mboga walioko Arusha. Baada ya pakiti ya kwanza hutakuwa na haja ya kununua tena. Acha mashina matano yaliyo imara yatoe mashuke, yakaushe kivulini juu ya shuka, uyapukute, uzihifadhi mbegu kwenye chupa kavu. Mbegu chotara za mboga nyingine usizihifadhi hivyo, kizazi cha pili hakimfuati mama.

Matembele, mboga ya mvivu

Nasema mvivu kwa heshima, maana mimi ni mmoja wao. Mbegu ya matembele ni ya bure: omba vipando kwa jirani. Kata ncha za shina zenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, kutoka kwenye mmea wenye majani yaliyonyooka. Majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano yanaashiria virusi, na virusi vinasafiri na kipando. Ondoa majani ya chini, laza kipando kwenye udongo uliolowa, theluthi mbili ardhini, ncha ikitazama juu. Nafasi ya sentimita 30 inatosha. Wiki ya kwanza mwagilia kila siku, baada ya hapo yatajitafutia.

Baada ya wiki nne hadi sita anza kuchuma ncha, usichume jani moja moja kutoka chini. Kila ncha unayokata inatoa mbili. Yapande pembeni mwa uzio, chini ya mpapai, mahali mchicha hautaki. Yachanganye na bamia na nyanya chungu, utajua kwa nini sijayaweka kwenye orodha ya mboga za dhiki.

Nyinginezo, kwa kifupi

Bamia: loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili kwa kila shimo, sentimita 40 kati ya shimo na shimo. Miezi miwili hivi unaanza kuchuma. Chuma kila baada ya siku mbili. Bamia iliyosahauliwa inageuka kuni, na mmea ukishazeesha tunda moja unaacha kuzaa mengine.

Nyanya chungu: sia kitaluni, hamisha miche ikiwa na majani matano hadi sita. Inachukua muda kuanza, lakini ikianza inazaa miezi mingi. Mashina manne yanaitosha nyumba.

Kunde: panda kwa ajili ya majani mwanzoni mwa mvua, chuma yakiwa machanga. Majani ya maboga vivyo hivyo, kama una mahali pa kuyaacha yatambae.

Sukuma wiki na chainizi zinateseka na joto la pwani. Zisubirie kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Ukizipanda Januari unawapandia vidukari.

Spinachi ya majani mapana ni rafiki wa watu wenye maji ya chumvi, nitaeleza.

Aliyepanga chumba na sebule

Huna ua? Una ngazi, una kibaraza, una paa la zege. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mkono inatosha shina moja la nyanya chungu au pilipili. Toboa matundu matano hadi sita chini, weka vipande vya matofali, kisha mchanganyiko wa udongo makopo mawili, samadi iliyooza kopo moja, mchanga kopo moja. Kama udongo wako tayari ni mchanga, acha mchanga.

Kiroba kina faida kuliko ndoo kwa mboga za majani, kwa sababu kinapandwa juu na ubavuni. Kisimamishe, katikati weka kopo la bati lisilo na vitako, ulijaze kokoto. Jaza mchanganyiko wa udongo pembeni mwake, kisha livute kopo juu, ujaze tena kokoto, uendelee hivyo mpaka mdomoni. Utabaki na nguzo ya kokoto katikati. Maji unayomwaga juu yanashuka nayo na kufika chini, badala ya kuloweka juu tu na kuwaacha wa chini na kiu. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, kila baada ya upana wa kiganja, uchomeke miche. Kiroba kimoja kinabeba miche thelathini hadi arobaini ya mboga ndogondogo. Kiweke kwanza mahali pake ndipo ukijaze. Nilijifunza hilo na mgongo wangu.

Maji, na hesabu yake

Wakati wa jua kali, mita moja ya mraba ya mboga inataka lita 5 hadi 6 kwa siku. Tuta lako la mita tatu za mraba basi linataka ndoo moja ya lita 20, nusu asubuhi kabla ya saa mbili, nusu jioni baada ya saa kumi na moja. Matuta matatu ni ndoo tatu. Ukitandaza majani makavu au nyasi kati ya mistari, ndoo tatu zinaweza kushuka kuwa mbili. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanatosha sehemu yake. Ya kufulia yenye sabuni nyingi au klorini yaende kwenye mgomba.

Visima vingi vya Dar vina chumvi. Kama sabuni haitoki povu na maji yana ladha, usikate tamaa, badilisha mboga: spinachi inavumilia chumvi vizuri, mchicha kiasi chake, maharage hayavumilii kabisa. Mwagilia kwenye udongo, usimwage juu ya majani, na kila ukipata maji ya mvua yaloweshe sana matuta ili chumvi ishuke chini.

Ukihifadhi maji kwenye pipa, lifunike. Mbu anayeeneza dengue anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na Dar ilishaonja milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Hata visahani vya chini ya ndoo za maua vimwage.

Wadudu na magonjwa

Pita bustanini kila asubuhi, na kikombe chako cha chai. Ukaguzi wa dakika tano unapunguza haja ya dawa kuliko pampu yoyote. Geuza majani, tazama chini yake.

Viwavi wanaokunja majani ya mchicha kwa utando waokote kwa mkono. Vidukari kwenye kunde na sukuma wapige na maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, ukilenga chini ya majani. Wakikaidi, mwarobaini. Twanga gramu 50 za kokwa zake kavu, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Jioni nasema kwa sababu: jua linaivunja nguvu ile dawa upesi. Rudia kila baada ya siku saba.

Miche kitaluni ikianguka shingoni kama iliyokatwa na kiwembe lakini hakuna mdudu, hicho ni kinyausi: umesia kwa kubananisha na unamwagilia mno. Mmea wa nyanya chungu au pilipili ukinyauka mchana ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko bakteria. Ng'oa, choma, na hapo usipande tena jamii hiyo, yaani nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili na mnafu. Mizizi yenye vinundu ni minyoo fundo, wanaoupenda sana mchanga wetu. Zungusha mazao na uongeze samadi.

Na nyanya je? Tangu mwaka 2014 nchini mwetu kuna kantangaze, nondo mdogo asili yake Amerika Kusini, ambaye funza wake huchimba jani kwa ndani kisha kutoboa tunda. Mkulima wa Ilula anapambana naye kwa mitego na ratiba ya dawa. Wewe mwenye miche ishirini na nne na kazi ya ofisini, mwachie.

Sasa nenda sokoni

Ukiacha kununua mchicha kila siku, kuna fedha inabaki. Itumie kununua vizuri vile usivyolima.

Anza na genge lako. Kuwa mteja wa kudumu kuna maana mbili: unamlipa kwa wakati, na hubishani na mama aliyeamka saa tisa usiku kwa ajili ya fungu la shilingi mia chache. Muulize nyanya hizi zimetoka wapi wiki hii. Muuzaji anayejua atakwambia, na kwa jibu lake utajua msimu umefika wapi. Zikiwa zinatoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, bei inashuka, na hapo ndipo pa kununua kwa wingi.

Kununua kwa wingi kunataka watu. Nyumba nne mkiungana, mmoja anakwenda Ilala, Mabibo au Temeke Stereo alfajiri, analeta tenga moja la nyanya kwa guta, mnagawana. Kabla ya kulipa, omba tenga lipinduliwe au lifunguliwe pembeni. Nzuri huwa juu, chini wanajua wenyewe. Vitunguu na viazi nunua kwa kilo. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa bado zipo, na anayeumizwa nazo ni mkulima kule shambani anayelipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Ukikataa kununua lumbesa na ukadai mzani, unamtetea mtu usiyemwona.

Kwa mboga za majani ambazo hukupanda, nenda bustanini kwenyewe. Wachuuzi wa Dar hununua mchicha kwa tuta: wanapatana bei na mkulima, kisha wanang'oa wenyewe. Hata wewe unaweza. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, salimia, uliza tuta linauzwaje, na kama ni kubwa kwako mchukue na jirani. Kabla ya kupatana, uliza maswali mawili: maji yanatoka wapi, na dawa imepigwa lini. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Mboga iliyopigwa juzi haifai kung'olewa leo. Mkulima akijua wateja wanauliza, naye anaanza kuhesabu siku. Waulize kwa adabu tu, usifike kama mkaguzi.

Ukitaka mazao yasiyopigwa dawa za viwandani, tafuta alama ya Kilimo Hai, inayotokana na viwango vya mazao ya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007. Morogoro kuna vikundi vya wakulima wa milimani waliofundishwa njia hiyo. Bei iko juu kidogo. Mimi hununua humo vile tunavyokula na ganda lake, karoti na hoho, vingine nanunua genge la kawaida.

Msimu wa wingi usiupite mikono mitupu. Nyanya za bei ya chini zikate vipande, nyunyiza chumvi kidogo, anika juani juu ya wavu kwa siku mbili tatu mpaka zikunjike bila kukatika, hifadhi kwenye chupa. Majani ya kunde yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, yachuje, uyaanike kivulini penye upepo. Wenyeji wa Dodoma wanakausha mlenda tangu zamani, na Januari, fungu la mchicha likiwa dogo kama ua la sikioni, wao wana mboga.

Mwisho, ukishamjua mkulima mmoja, mpe oda. Mwambie Jumamosi ijayo unataka mafungu kumi ya matembele na manne ya figili. Kwa mtu anayeuza bila kujua kesho atanunua nani, oda ya mafungu kumi inampa uhakika wa kusia tuta jingine. Mama ninayenunua kwake, kule bondeni nyuma ya mtaa wetu, huwa nampelekea viroba vitupu na mbegu za mchicha wangu, yeye ananipa vipando vya matembele vyenye jani jembamba ambavyo sijaviona kwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo vilivyo sasa pale pembeni ya bomba, ambalo bado linavuja.